Kadi Imejaa

Saa nane na nusu, Chavakali.
Mvua imeanza kupiga mabati ya kanisa kama mdai,
bibi harusi ameinua kisu juu ya keki,
na kamera yangu inaniambia: kadi imejaa.

Inasema sasa! Asubuhi nzima ilinyamaza,
ikimeza mbuzi, viti vya plastiki,
wajomba wawili wakinyang'anyana kipaza sauti,
ikimeza tu,
kama mgeni anayeona haya kusema ameshiba.

Niseme ukweli, sikuinunua mpya.
Niliipata Kisumu, kibandani nyuma ya stendi,
kwa mtu aliyeniapia mwenyewe aliitumia Jumapili tu.
Jumapili gani hizo zilizokula mpira wa kushikia,
zikaacha kitufe kinanata kama ugali wa jana?
Lenzi ina ukungu, ule wetu,
unaopanda vilima vya Maragoli alfajiri na kukataa kushuka.
Nimeufuta kwa leso, kwa pamba, kwa fulana kuukuu,
kumbe napangusa dirisha kwa nje
ilhali anayepumua yumo ndani.

Betri ni mbili. Moja huzima ingali nusu.
Nyingine huishi kwa kupashwa joto kwapani.
Ndiyo, kwapani.
Nyinyi mnaoniona nimebana mkono kwenye harusi zenu
mkadhani naringa, au nina jipu,
ninaatamia betri.
Mguu wa tatu wa stendi ni ufito wa mpera
uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Na flashi huwaka itakapo, si nitakapo:
kwenye mazishi ya mzee Egara ilimulika mara saba
watu wamefumba macho wanaomba,
leo mbele ya keki imejikausha.

"Mama Picha, tunangoja!"
Huyo ni Amugune, mfawidhi, mwenye viatu vyeupe.
Mkono wa bibi harusi unatetemeka.
Nikageukia ukuta, nikaanza kufuta.
Futa mbuzi. Futa mbuzi yuleyule.
Futa kisigino changu, nilichokipiga sijui lini wala kwa nini.
Kidole kikateleza hadi mwezi wa Machi,
kikasimama.

Mama, mlangoni pa jiko.
Nilimwambia tulia, akatulia,
yeye ambaye hata kanisani alichambua mboga kwa mawazo.
Lenzi ndiyo haikutulia.
Ilinguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma,
ikachagua komeo la mlango.
Komeo limetoka safi: kutu yake, misumari yake miwili,
uzi wa gunia ulionaswa pembeni.
Mama ni moshi uliofunga kitambaa.
Nikasema nitarudia Jumamosi.
Ijumaa tukampeleka hospitali, Mbale.

Ndiyo picha pekee. Haijatoka kwenye kadi hii
kwa sababu kisoma kadi cha Lumadede wa saiba kina jino lililopinda,
na stima zilipotea, na kulikuwa na karo,
na kesho. Kesho hasa.
Usiku huikuza mpaka komeo lijae kioo.
Nalijua komeo hilo kuliko kiganja changu.
Najua limeshikwa na nani.

"Mama Picha!"
Kamera nayo inauliza, haina haya:
Futa? Ndiyo. Hapana.

Nikafuta hotuba ya mwenyekiti wa kamati.
Picha tisa. Katika zote tisa alikuwa amefumba macho.
Keki ikakatwa. Nikapata kisu,
nusu ya bibi harusi,
na flashi, iliyochelewa kuamka,
ikaipiga picha mvua.

Tangu Jumatatu mwenyekiti ananipigia simu.
Namwambia ni mitambo, mzee, mitambo hii ya siku hizi.
Nayo imelala hapo mezani, lenzi inanitazama
na ukungu wake,
na kwa mara ya kwanza tangu nikuwe nayo
inajua kunyamaza.